Kabla ya kusema Watanzania hawasomi, hesabu nakala zako

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuseme na waandishi ambao vitabu vyao vimekwama. Kauli kwamba Watanzania hawasomi imezoeleka mno, na mwandishi mwenye maboksi manane chini ya kitanda huikimbilia kwa sababu inampa pole bila kumpa kazi. Sisi tunaohariri, kusambaza na kuuza vitabu vya Kiswahili hatuikubali. Watu haohao wanaodaiwa hawasomi hununua vitabu vya dua, vya mapishi, vya mapenzi, vya kujiandaa na mitihani na vya ufugaji wa kuku, na wengine hununua pembeni ya barabara nakala zilizodurufiwa, herufi zikiwa zimefifia. Kitabu kilichokwama kina mahali kilipokwamia. Mwandishi apajue kwanza mahali hapo, ndipo atoe shilingi ya tangazo.

Aanze na daftari. Achore safu tano: nakala zilizotoka kiwandani, zilizouzwa kwa fedha mkononi, zilizoko madukani kwa mali kauli (duka hulipa likishauza), zilizogawiwa bure, na zilizobaki nyumbani. Safu nne za mwisho zikijumlishwa zinapaswa kulingana na ya kwanza. Kwa wengi hazilingani. Tuseme zilichapwa 500, zimeuzwa 140, ziko ndani 210, na zile 150 hakuna anayejua vizuri zilikoenda: nyingine ziko dukani kwa fulani tangu mwaka juzi, nyingine kwenye buti la gari la rafiki, nyingine kwa katibu wa kwaya aliyeahidi kuziuza. Kwa bei ya shilingi 10,000 hiyo ni milioni moja na nusu iliyotapakaa mjini bila karatasi. Kuzifuata nakala hizo ni mauzo ya haraka kuliko tangazo lolote.

Safu ya waliouziwa nayo igawanywe mara mbili: ndugu, majirani na wafanyakazi wenzako upande mmoja, watu usiowajua upande wa pili. Nakala 131 za upande wa kwanza zinaonyesha kuwa unapendwa. Nakala tisa za upande wa pili ndizo zinazosema habari za soko. Waliozinunua waliziona wapi? Ni akina nani? Kama sita kati ya tisa ni wauguzi, basi kitabu chako kimeshakuchagulia mlango wa kupitia, hata kama wewe ulidhani umewaandikia vijana wote wa Afrika Mashariki.

Baada ya daftari, fanya jaribio la siku moja. Omba ruhusa uweke meza mahali ambapo watu hawakujui: lango la chuo, uwanja wa kanisa la mtaa mwingine, nje ya ukumbi wa semina. Panga nakala kumi, andika bei kwa herufi kubwa, kaa pembeni, usimwite mtu. Hesabu wanaotupa jicho, wanaokishika, wanaouliza, wanaolipa. Wakipita bila kukigusa, kasoro iko kwenye jalada au jina. Wakikishika, wakakigeuza, wakasoma kidogo na kukirudisha, kasoro iko kwenye maneno ya jalada la nyuma au ukurasa wa kwanza. Wakiuliza bei kisha wakarudisha, jibu unalo. Na kama wengi wa waliokishika wamenunua, acha kubadilibadili kitabu, kwa maana hakina ugonjwa. Hakijawafikia watu tu.

Angalia sana mikono ya mnunuzi kwenye meza hiyo. Kwanza anatazama mbele, sekunde mbili tatu. Anakigeuza. Macho yanatafuta bei chini kulia, hayaioni, yanapanda kwenye picha ya mwandishi na maelezo yake: alizaliwa wapi, alisoma shule gani ya msingi, ana shahada ngapi, ameoa na ana watoto wangapi. Halafu anakifungua katikati kwa kidole gumba kuangalia ukubwa wa herufi, na anakiweka chini. Hakuna aliyemwambia kitabu kinahusu nini. Jalada la nyuma ni duka, na wengi tumelifanya wasifu wa kuombea kazi. Sentensi mbili za kwanza zitaje shida au kisa. Ya tatu iseme msomaji atapata nini. Maneno 80 hadi 100 yanatosha kabisa. Wasifu wa mwandishi usizidi mistari miwili, ukae chini.

Kwa kitabu ambacho kimeshachapwa, hili linarekebishika kwa stika. Chapa stika yenye maneno mapya, bei na bakodi, ibandike juu ya maelezo ya zamani. Stika ikatwe kwa mashine na ibandikwe kwa rula, maana ikikaa upande mnunuzi atadhani imebandikwa kuficha kitu. Usiliguse jalada la mbele kwa stika kubwa. Huko weka kibandiko kidogo tu kinachosema kitabu ni cha nini, kama jina lake halisemi. Na majina mengi hayasemi. Jina la neno moja la kawaida, mfano Safari au Machozi, ukiliandika kwenye simu linaleta nyimbo, filamu na matangazo ya mabasi, kitabu chako hakionekani hata ukishuka kurasa tano. Jina dogo la pili chini yake humaliza tatizo hilo, nalo linaingia kwenye stika na kwenye kila tangazo.

Bakodi hutokana na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ni tarakimu 13 tangu mwaka 2007, na nyingi za kwetu huanza na 978 kisha 9976 au 9987. Bado kuna waandishi wanaochapa bila namba hiyo ili kuokoa muda, halafu wanashangaa duka kubwa linapokataa. Mashine ya keshia haiuzi kitu isichoweza kukisoma. Namba ya kitabu cha karatasi usiitumie tena kwenye toleo la kielektroniki, kila umbo linahitaji yake.

Kuna kitu kingine ambacho mwandishi hukigundua akiwa amechelewa: mgongo wa kitabu. Dukani vitabu vingi husimama bega kwa bega, na kinachoonekana ni mgongo peke yake. Kitabu cha kurasa 200 kwenye karatasi ya gramu 80 kina mgongo wa takriban sentimeta moja, jina linasomeka. Kitabu cha kurasa 48 kilichobanwa kwa pini hakina mgongo kabisa. Kikishapangwa kati ya vingine kimezikwa. Vitabu vya namna hiyo visiende kwenye rafu. Vinahitaji kamba na vibanio kama magazeti, au kisanduku cha kadibodi juu ya kaunta kinachobeba nakala sita, uso ukimtazama mteja. Kisanduku hicho utengeneze mwenyewe uende nacho. Mwenye duka akikupa nafasi ya kaunta amekupa mahali pazuri kuliko pote.

Sasa bei, na hapa ndipo wengi wanapoumia. Chukua mfano wa kitabu kilichogharimu shilingi 5,000 kwa nakala kutoka kiwandani. Mwandishi anawaonea huruma wasomaji, anaweka bei 8,000. Duka la vitabu kwa kawaida huhitaji kati ya asilimia 30 na 40 ya bei ya jalada, kwa sababu kodi ya pango na mshahara wa muuzaji vinatoka humo. Likichukua 35, linabaki na 2,800, mwandishi anapata 5,200. Toa gharama ya kuchapa, inabaki 200. Nauli ya kufikisha vitabu dukani imeshaimeza. Hapo mwandishi ana njia mbili, ama auze kwa hasara asijue, ama aseme wenye maduka ni wanyonyaji na aamue kuuza kwa mkono tu, na mkono mmoja una mwisho wake. Kitabu hichohicho kikiwa 15,000, duka linapata 5,250, mwandishi 9,750, na baada ya kutoa gharama ya kuchapa zinabaki 4,750 za usafiri, nakala za wahakiki na akiba ya kuchapa tena. Kanuni tunayoiamini ni bei isiyopungua mara tatu ya gharama ya kuchapa. Ikishuka chini ya mara mbili na nusu, wewe na duka hamtaweza kuishi pamoja.

Utasema wasomaji wako hawana 15,000. Inawezekana kweli hawana. Basi nakala zilizopo ziuze kwa mkono na kwa mawakala wanaochukua asilimia 15 au 20, uache maduka kwa sasa, na toleo lijalo ulishushe gharama. Gharama hushuka kwenye kurasa. Mswada wenye herufi za pointi 14 na nafasi pana kati ya mistari ukiingizwa hivyohivyo kiwandani hunenepesha kitabu bila kumpa msomaji neno hata moja la ziada. Pointi 11 zinatosha kwa hadithi. Chini ya 10 wazee watakirudisha. Tena kiwanda hukunja karatasi kubwa kuwa mikunjo ya kurasa 16, kwa hiyo kitabu cha kurasa 196 kinakulipisha mkunjo wa nyongeza kwa ajili ya kurasa nne. Kibane hadi 192. Na usichape 1,000 kwa sababu tu bei ya nakala moja inashuka. Nakala 200 za mashine ya kidijitali zina gharama kubwa kidogo kwa kila moja, lakini hazifungi mtaji wako chini ya kitanda kwa miaka minne zikiliwa na mchwa.

Kosa jingine la bei ni kuwa nazo mbili. Dukani 15,000, kwenye simu ya mwandishi 10,000. Mteja anakipiga picha dukani, anaenda kukiagiza kwako. Mwenye duka akigundua, anakurudishia vitabu siku hiyohiyo, na anawaambia wenzake. Bei iwe moja kila mahali. Ukitaka kumfurahisha anayenunua kwako moja kwa moja, mtilie sahihi kitabuni, au mlipie boda.

Mali kauli inaua vitabu vingi kwa sababu hufanywa kienyeji. Mwandishi anashusha nakala 50, anashikana mkono na mwenye duka, anarudi baada ya miezi minane. Muuzaji aliyepokea ameshaacha kazi, nakala 38 ziko stoo nyuma ya katoni za madaftari, 12 hazijulikani. Peleka tano. Nakala tano hukaa rafuni kwa sababu hazina pengine pa kukaa. Andika hati ya mapokezi kwa nakala mbili, na iseme jina la kitabu, idadi, bei ya jalada, asilimia ya duka, siku ya malipo, nani anabeba hasara ya nakala itakayochafuka au kupotea, na lini zisizouzwa zitarudi. Jina na sahihi ya aliyepokea, muhuri wa duka, tarehe. Baada ya wiki tatu rudi. Hesabu zilizopo kwa macho yako, usiulize kwa simu. Chukua fedha ya zilizouzwa, jaza pengo, futa vumbi, na muulize muuzaji nani alikishika na akasema nini. Kisha mpe muuzaji, yule kijana anayesimama kaunta na si tajiri yake, nakala moja ya kusoma nyumbani. Mteja akiuliza, "Kuna kitabu gani kizuri?" yeye ndiye anayejibu.

Usiende kuomba rafu Januari. Mwezi huo shule zinafunguliwa na duka zima liko kwenye vitabu vya kiada, madaftari na sare, utaonekana kero. Nenda katikati ya Februari, mwenye duka akiwa na nafasi kwenye rafu na fedha kidogo. Kalenda ina milango mingine. Kitabu cha dini ya Kiislamu kiwe kimeshafika dukani Shaabani, kwa sababu Ramadhani ikianza watu tayari wanacho wanachosoma. Cha tafakari za Kwaresima kifike kabla ya Jumatano ya Majivu. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021, na siku hiyo ndiyo Sabasaba yenyewe, umati ukiwa viwanja vya Barabara ya Kilwa. Waandishi watano wakichangia banda moja hapo, gharama inabebeka. Mmoja peke yake atarudi na deni.

Lakini kitabu si lazima kiishi kwenye duka la vitabu. Hili tunalisema kwa msisitizo, maana ndipo fedha nyingi imelala. Kitabu cha ufugaji kiuzwe duka la pembejeo, karibu na chanjo na chakula cha vifaranga, kwa sababu anayekihitaji yuko pale na pochi iko wazi. Cha mapishi ya keki kiwe kwenye duka linalouza unga, hamira na vyombo vya kuokea. Cha malezi kikae linapouzwa godoro la mtoto. Cha ushairi wa mwambao kipelekwe kwenye hafla za taarabu na harusi, si kwenye duka la madaftari. Kitabu cha kilimo kikisubiri Nanenane kwenye viwanja vya Nzuguni Dodoma au John Mwakangale Mbeya, kimewafuata wenyewe walikokusanyika. Mwenye duka la pembejeo hajui biashara ya vitabu, kwa hiyo mrahisishie: nakala sita kwenye kisanduku cha kaunta, faida yake kwa kila nakala iandikwe kwa shilingi, usimtajie asilimia.

Tukija kwenye simu. Tangazo tunaloliona kila siku ni picha ya jalada na maneno "Kitabu kipo mtaani, wahi nakala yako, bei njoo inbox." Wasiokuja inbox ndio wengi. Andika hivi: "Vifaranga wanakufa kabla ya wiki nne? Kitabu hiki kina ratiba ya chanjo ya kideri na gumboro, siku kwa siku. Kurasa 96, bei 10,000. Dar boda inaleta, nauli unalipa wewe. Mwanza na Mbeya kipo kwa wakala." Shida imetangulia, kilichomo kimefuata, bei imeonekana, njia ya kukipata imeeleweka, na mtu anaweza kuamua akiwa kwenye daladala. Chini yake weka lipa namba. Hakikisha jina linalotokea mteja anapolipa ni la kitabu, la mchapishaji au lako lililo kwenye jalada. Tumeishi miaka na ujumbe wa matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", kwa hiyo mteja akiona jina la mtu asiyemjua, anafuta alichoandika na hasemi kwa nini.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba namba 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Ndiyo sababu mwandishi anatuma kwa mia mbili na wanaona thelathini. Kila anayenunua mwambie ahifadhi namba, mtajie na jina la kuhifadhia. Baada ya wiki tatu mtumie ujumbe wa sauti, sekunde 30, umuulize amefika wapi na nini kimemgusa. Jibu lake, akikuruhusu, ndilo tangazo lako la wiki inayofuata. Neno la msomaji wa Kahama lina nguvu kuliko sifa zako mwenyewe. Na usimwage tangazo kila saa kwenye kundi la familia au la wazazi wa darasa la tatu. Mara mbili kwa mwezi zinatosha, nyingine ziwe dondoo kutoka kitabuni.

Mikoani vitabu vinakwenda kwa basi. Kitabu cha A5 cha kurasa 200 kina uzito wa gramu 265 hivi, kwa hiyo boksi la nakala 40 ni kama kilo kumi na nusu, mzigo ambao mtu mmoja anaubeba. Nauli ya bahasha yenye kitabu kimoja inaweza kukaribia nusu ya bei ya kitabu, wakati boksi la nakala 20 halizidi sana hapo. Kwa hiyo usitume kimojakimoja. Tafuta wakala mmoja kwa kila mji, mwenye duka la stesheneri au la vifaa vya simu karibu na stendi, tuma nakala kumi, wateja wa mji huo waelekeze kwake. Ndani ya boksi funga vitabu kwa nailoni, mvua ya Machi haina adabu. Andika namba za simu mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, kwenye pande mbili za boksi, maana upande mmoja huchanika. Piga picha risiti ya mzigo na umtumie mpokeaji kabla basi halijatoka.

Hesabu ya redio ndiyo hiyohiyo. Kituo cha mkoani kikikupa nusu saa ya mahojiano, na wengi watakupa wakiombwa kwa adabu, uwe umeshafikisha nakala kwenye mji huo. Msikilizaji wa Songea akisikia kitabu saa mbili asubuhi na kuambiwa kinapatikana Kariakoo, kimeishia hapo. Taja duka na alama ya jirani yake mara tatu: mwanzo, katikati, mwisho. Mwachie mtangazaji nakala mbili za zawadi kwa wasikilizaji watakaopiga simu.

Uzinduzi tunauogopa kidogo. Ukumbi, maua, chakula, kadi, mgeni rasmi na msafara wake hutumia fedha ambayo ingesambaza vitabu mwaka mzima, na mauzo ya siku hiyo ni ya heshima kwa mwenye shughuli. Mbaya zaidi ni ahadi: mtu anasimama mbele ya kamera anaahidi kununua nakala 50, makofi yanapigwa, nakala zinatengwa, fedha haiji. Kama lazima uzindue, fanya mchana, chai na vitafunwa, lipa namba juu ya kila meza, nakala itoke kwa fedha tu. Pokea namba ya simu ya kila mnunuzi. Kwa kila shilingi 100 ya mtaji, angalau 40 ibaki kwa kazi itakayofuata baada ya kitabu kutoka kiwandani, uzinduzi ukiwa ndani ya hizo 40.

Kuhusu shule tuwe wazi. Kitabu kinachoingia darasani, hata cha ziada, hupitia tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ithibati ndiyo mwalimu mkuu atakayoiulizia kwanza. Usizunguke madarasani na begi bila barua; unamtia mwalimu matatani. Ithibati ya lugha kutoka BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, husaidia mswada usirudishwe kwa makosa ya sarufi. Anayetazamia soko la Kenya ajue kuwa huko ni KICD, taasisi yao ya mitaala, na ithibati ya huku haivuki mpaka.

Wapo wanaoamua kugawa PDF nzima ili wajulikane. Ikishaingia kwenye kundi moja la watu 300 haina mwenyewe tena. Toa kurasa 15 za kwanza, na chini ya kila ukurasa, si ule wa mwisho peke yake, weka bei na namba ya kuagizia, kwa sababu kurasa hukatwa na kusambazwa mojamoja. Haki yako ipo tangu ulipoandika, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hukupa karatasi ya kuonyesha siku utakapokuta nakala za kudurufu zikiuzwa.

Tunalo ombi kwako pia, Ndugu Mhariri. Gazeti likiandika habari za kitabu kipya, mara nyingi tunasoma jina la mgeni rasmi, nasaha zake kwa vijana kuhusu kusoma, na picha ya watu sita wameshika utepe. Msomaji wa Sumbawanga anamaliza habari hiyo akiwa anakitaka kitabu na hana pa kukipata. Tunaomba kila habari na kila uhakiki wa kitabu uwe na mstari mmoja chini: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, idadi ya kurasa, bei, na duka au namba ya kuagizia. Maneno yasiyozidi 30. Waandishi nao wanaoleta vitabu vyao kwenye chumba cha habari waulete mstari huo ukiwa umeshaandikwa, kwenye karatasi iliyochomekwa ndani ya jalada, ili mwandishi wa habari asilazimike kuutafuta saa kumi na moja jioni ukurasa ukiwa unafungwa.

Wahariri, wasambazaji na wauza vitabu,
Dar es Salaam